DNS ya ndani na ya nje: njia nne za kugawa maswali, na ipi inafaa ofisi yako

Ofisi nyingi ninazoitwa hapa Nairobi, tatizo la DNS, mfumo unaogeuza majina ya mtandao kuwa anwani, nalikuta palepale: kwenye vile visanduku viwili vya mipangilio ya mtandao. Cha kwanza kimejazwa anwani ya seva ya ndani, tuseme 10.20.0.5. Cha pili kimejazwa 8.8.8.8, seva ya umma ya Google. Aliyejaza alikuwa na nia njema. Alifikiri kompyuta itauliza ya kwanza, na jina likikosekana huko itaiuliza ya pili. Mantiki tamu, ila DNS haifanyi kazi hivyo.

Seva ya kwanza ikisema "jina hilo halipo", hilo ni jibu kamili. Lina hata jina lake, NXDOMAIN, na kompyuta ikishalipata huishia hapo. Seva ya pili huulizwa pale ya kwanza inaponyamaza. Tena mashine nyingi zikishahamia ya pili hazina haraka ya kurudi.

Ofisi moja kando ya Ngong Road ilipotelewa na stima kwa dakika mbili asubuhi. Iliporudi, ruta iliwaka mara moja, lakini seva ilikuwa bado inakagua diski zake. Kompyuta zikauliza 10.20.0.5, kimya. Zikahamia 8.8.8.8 na kuuliza `uhasibu.ndani.mfano.example`. (Kikoa chao nimekificha, `.example` ilitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya mifano kama hii.) 8.8.8.8 ikajibu kwa uaminifu kabisa: halipo. Nilipofika, mhasibu alikuwa amesimama mlangoni.

"Kijana, mfumo umekufa, na leo ni siku ya mishahara."

"Mfumo uko hai, mama. Kompyuta ndizo zinauliza mtu asiyeujua."

Seva yenyewe ilikuwa imeshaamka zamani. Nilizima na kuwasha kadi ya mtandao kwenye kompyuta yake, mfumo ukafunguka, akanitazama kana kwamba nilikuwa nimeuficha mimi.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote: kompyuta ya mfanyakazi iulize seva zinazojua mambo yaleyale. Ukiandika mbili, ziwe pacha. Kazi ya kuamua swali gani liende ndani na lipi liende nje ifanywe nyuma ya seva hizo. Hapo ndipo njia zinapoachana.

Seva ya ndani ipokee kila kitu

Huu ndio mtindo wa ofisi zenye Windows Server na Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na kompyuta. Kompyuta zote zinauliza seva ya ndani. Majina ya nyumbani inayajibu yenyewe, na mengine yote inayafowadi, yaani inayapeleka nje, kwa seva za mtoa huduma wako wa intaneti au kwa seva za umma kama 1.1.1.1, 8.8.8.8, 9.9.9.9.

Uzuri wake ni kwamba kila kitu kiko mahali pamoja. Ubaya wake utaujua siku hiyo seva ikianguka: intaneti nzima "imekatika", ingawa waya wa faiba uko salama. Kwa hiyo njia hii inadai seva mbili, na seva mbili zinadai umeme wa akiba kwa zote mbili. Ofisi ya watu kumi na wawili mara nyingi haina bajeti hiyo, na inaishia kuandika 8.8.8.8 kwenye kisanduku cha pili. Tunarudi kwa yule mama mhasibu.

Ruta au rizolva igawe maswali

Hapa katikati panakaa rizolva, yaani seva inayokutafutia majibu. Inaweza kuwa Unbound kwenye mashine ndogo, dnsmasq ndani ya ruta, au hata MikroTik uliyoinunua Luthuli Avenue. Rizolva inapewa sharti moja: swali lolote linaloishia na `ndani.mfano.example` lipeleke 10.20.0.5, mengine yote nenda nje kama kawaida. Kwa dnsmasq ni mstari mmoja:

`server=/ndani.mfano.example/10.20.0.5`

Kwa Unbound ni minne, ukiweka na seva pacha:

```
forward-zone:
    name: "ndani.mfano.example"
    forward-addr: 10.20.0.5
    forward-addr: 10.20.0.6
```

Kwenye RouterOS 7 ya MikroTik unaongeza rekodi ya aina `FWD` yenye `match-subdomain=yes`. Ukiiwasha DNS ya MikroTik kwa `allow-remote-requests`, funga poti 53, mlango wa DNS, upande wa intaneti siku hiyohiyo, UDP na TCP zote. Ukiiacha wazi, ruta yako itakuwa inajibu dunia nzima, na wahuni wataitumia kuwafurikisha watu wengine kwa majibu ambayo hawakuyaomba. Nimeona laini ya ofisi ikikaba mchana kutwa, kila mtu akimlaumu mtoa huduma, kumbe tatizo lilikuwa hilo.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba seva ya ndani ikizimika, majina ya ndani tu ndiyo yanayopotea. Watu wanaendelea na barua pepe zao. Mitego yake lakini ni mingi kuliko ule mstari mmoja unavyodokeza.

Kwanza, ulinzi. Rizolva nyingi zinaweza kuwekwa zikatae jibu kutoka nje linaloleta anwani ya faragha kama 10.x au 192.168.x, kwa sababu ndivyo baadhi ya tovuti za hila zinavyojaribu kupenya hadi kwenye printa ya mtu. OpenWrt, programu ya kuendesha ruta, inakuja na ulinzi huu umewashwa. Utafowadi vizuri, seva ya ndani itajibu vizuri, na ruta italitupa jibu njiani. Dawa kwa dnsmasq ni `rebind-domain-ok=/ndani.mfano.example/`, kwa Unbound ni `private-domain`.

Pili, saini za DNSSEC, zinazothibitisha kwamba jibu halijaghushiwa. Kama `mfano.example` imetiwa saini huko nje na haina habari zozote za `ndani`, rizolva inayokagua saini ina ushahidi kwamba jina hilo halipo. Itayaona majibu ya seva yako kuwa ya kughushi na kurudisha SERVFAIL, yaani "nimeshindwa kujibu". Ndivyo inavyokuwa pia kwa `.internal`, ambayo ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, iliitenga kwa matumizi ya ndani mwaka 2024, maana mzizi wenyewe, kilele cha majina yote ya DNS, una saini. Unbound inahitaji `domain-insecure` kwa kikoa hicho. BIND, programu nyingine ya DNS, ina `validate-except`.

Tatu, majina ya kinyumenyume, yaani kutafuta jina ukiwa na anwani. Watu hukumbuka kufowadi `ndani.mfano.example` na kusahau `20.10.in-addr.arpa`, kisha wanashangaa kwa nini SSH, ya kuingia kwenye seva kwa mbali, inasubiri sekunde kadhaa kabla ya kuomba nywila. Unbound ina tabia yake hapa: hujibu yenyewe kwamba majina ya kinyumenyume ya 10.x hayapo, mpaka uiambie `local-zone: "10.in-addr.arpa." nodefault`.

Nne, mzunguko. Umeiambia ruta ipeleke `ndani` kwa seva. Seva nayo imeambiwa ipeleke isichokijua kwa ruta. Sasa herufi moja ya jina la zoni (fungu la majina ambalo seva inalimiliki) ikiwa imekosewa kwenye seva, swali moja litapigwa danadana kati ya hao wawili. Kwenye logi ya dnsmasq utaona `Maximum number of concurrent DNS queries reached (max: 150)`, na ofisi nzima itasimama kwa sababu ya herufi moja. Nimezoea kuielekeza seva ya ndani nje moja kwa moja, isirudishe chochote kwa ruta.

Kunyamaza si kukana: `first` au `only`

Nakaa kidogo hapa kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza, wazoefu wakiwemo.

Ukifowadi kwa BIND, tabia yake ya kawaida ni `forward first`: inamuuliza uliyemtaja, akinyamaza inakwenda yenyewe kuanzia kwenye seva za mzizi. Kwa maswali ya nje hiyo ni akiba nzuri. Kwa zoni ya ndani ni sumu. Seva ya ndani inanyamaza sekunde chache kwa sababu VPN, njia ya siri inayounganisha ofisi, imeyumba. BIND inakwenda nje kuuliza. Seva ya umma ya `mfano.example` inasema `ndani` haipo. BIND inaliweka jibu hilo kwenye kashe, akiba yake ya majibu. VPN inarudi, jina halirudi. Muda wa kukaa na "halipo" hutokana na rekodi ya SOA, yenye mipangilio ya zoni, huko kwenye zoni ya nje, na kuna watu wameandika saa nzima pale bila kufikiri.

Kwa hiyo zoni ya ndani iwe `forward only`. Unbound imechagua kinyume cha BIND: bila kuambiwa, `forward-first` yake ni `no`. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine ukinakili mazoea, utapata tabia tofauti bila onyo. Windows Server nayo ina kisanduku cha kutumia seva za mzizi pale waliotajwa wasipopatikana, na kinakuja kimetiwa alama.

Jambo jingine la aina hiyohiyo: kufowadi si sawa na kumuuliza mwenye mamlaka. Ukitumia `forward-zone`, Unbound inaomba jibu lililokamilika, mpaka mwisho wa safari. Ukitumia `stub-zone`, inamuuliza mwenye zoni anachokijua yeye tu, halafu inajitafutia kilichobaki. Kama 10.20.0.5 inashika zoni lakini haitafutii mtu, `forward-zone` itaonekana kufanya kazi wiki nzima, hadi siku mtu akabidhi jina la chini yake kwa seva nyingine. Hapo Unbound haitaifuata hiyo seva nyingine. Seva ya namna hiyo ipe `stub-zone`.

Jina moja, nyuso mbili

Njia ya tatu haifowadi sana. Inajibu tofauti kulingana na anayeuliza. Mfanyakazi akiwa ofisini, `portal.mfano.example` ni 10.20.0.8. Akiwa nyumbani Rongai, jina hilohilo ni 203.0.113.10. BIND hufanya hivi kwa `view`.

Kwa mtumiaji ndiyo njia tamu kuliko zote: kiungo kimoja, kila mahali. Kwa mtunzaji ni ndoa ya wake wawili. Seva ya ndani ikishasema inamiliki `mfano.example`, inaimiliki yote. Mwenzako akiongeza `duka.mfano.example` kwenye zoni ya nje na kusahau ya ndani, dunia nzima itaona duka isipokuwa ninyi wenye duka.

Kama ni jina moja au mawili tu yanayohitaji nyuso mbili, usibebe zoni nzima. Yabadilishe hayo tu kwenye rizolva: `host-record=portal.mfano.example,10.20.0.8` kwa dnsmasq. Usitumie `address=` hapo kama hukusudii kukamata na kila kilicho chini ya jina hilo.

Nakala ya zoni kwenye tawi

Njia hii haipendwi kwa sababu inaonekana ya kizamani, lakini kwa ofisi yenye tawi Industrial Area na VPN inayoyumba, naiweka juu ya kufowadi. Badala ya tawi kuuliza makao makuu kila mara, linanakili zoni yote na kujibu lenyewe. Kiungo kikikatika, nakala inaendelea kujibu hadi muda wa `expire` wa SOA uishe. Ukiandika 604800 hizo ni siku saba. Tawi linalofowadi lina kilichobaki kwenye kashe tu, mara nyingi dakika chache.

Kama kunakili hakuwezekani, Unbound ina `serve-expired: yes`, inayotoa jibu la zamani pale jipya linapokosekana. Ni mkate wa jana, lakini unalika.

Seva zikiwa winguni

Hapa hesabu inabadilika kwa sababu DNS ya ndani ya wingu haijibu mtu wa nje. Kwenye AWS, rizolva ya mtandao wako iko kwenye anwani ya msingi ya VPC (mtandao wako wa faragha huko) ukiongeza mbili, na ukiiuliza kutoka ofisini kupitia VPN haitakujibu. Azure ni hivyohivyo na 168.63.129.16. Kuna njia mbili za kupita. Unanunua mlango rasmi wa kuingilia na kutokea. AWS hutoza kwa saa kwa kila anwani, na lazima uwe na anwani zisizopungua mbili kwa kila mlango. Au unaweka mashine ndogo yenye Unbound ndani ya VPC, ofisi inaifowadia hiyo, nayo inaiuliza rizolva ya wingu. Kwa ofisi ndogo nachagua mashine ndogo, mbili nikiweza. Kwa benki au hospitali yenye wakaguzi, mlango rasmi unalipia usingizi wako.

Google Cloud ina kituko chake: maswali yanayotoka huko kuja kwa seva yako yanatokea 35.199.192.0/19. Yaruhusu kwenye fayawoli, na hakikisha njia ya kurudi kwa anwani hizo inapita kwenye VPN, la sivyo majibu yatatokea upande wa intaneti na kupotea.

Usifanye kosa la kupeleka DNS yote ng'ambo. AWS, Azure na Google zina maeneo kamili Afrika Kusini, Cape Town au Johannesburg, na tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika upande huohuo, intaneti ya Kenya ikachechemea. Ofisi ambayo kila swali lake linasafiri hadi Cape Town, siku kama hiyo haiwezi kupata hata printa iliyo ghorofa ileile. Majina ya vitu vilivyo Nairobi yajibiwe Nairobi.

Na wapo wanaouliza kinyume chake: je, seva ya umma ya kikoa inaweza kufowadi maswali ya watu wa nje kwenda ndani? Usifanye. Seva ya umma kazi yake ni kusema inachokimiliki, na rekodi ya NS inayoelekeza 10.20.0.5 haimsaidii mtu aliye nje.

Ninavyochagua

Ofisi moja, mashine zisizozidi mia, seva moja ya ndani: rizolva kwenye ruta igawe maswali, `only` kwa zoni ya ndani. Ofisi ya Active Directory yenye seva mbili za kweli: seva zipokee kila kitu. Matawi: nakala. Nyuso mbili: majina machache tu, kwenye rizolva.

Jina la zoni ya ndani ninalichukua chini ya kikoa ambacho ofisi inakimiliki tayari, kwa sababu hapo unaweza kupata cheti cha TLS, kile cha `https`, kinachotambulika, kwa `.internal` hupati. `.local` iache, ni ya mDNS, ya vifaa kutafutana bila seva, tangu 2013, na kompyuta za Mac zitakusumbua.

Upande wa nje sina ushabiki. KIXP, kituo cha Kenya ambapo watoa huduma wa intaneti hubadilishana data, ipo, nakala za seva za mzizi zipo hapahapa mjini, kwa hiyo Unbound kujitafutia yenyewe kunatosha ofisi nyingi. Pima kwa `dig`, amri ya kuuliza DNS, usome `Query time`, uchague. Simu zenye Android 9 na kuendelea, ambazo mwenyewe ameandika jina la mtoa DNS kwenye mipangilio, zitaruka kila ulichojenga. Hizo mwambie mwenye simu. Firefox inayotumia DNS yake yenyewe kwa kawaida huacha, mtandao wako ukijibu kwamba `use-application-dns.net` haipo.

Kabla ya kuondoka kwa mteja nafanya jaribio moja. Nasafisha kashe ya rizolva, nachomoa waya wa seva ya ndani, nauliza `dig uhasibu.ndani.mfano.example`. Nikipata SERVFAIL, au kimya hadi `dig` ikate tamaa, nachomeka waya na kuomba chai. Nikipata NXDOMAIN, kuna mtu wa nje anayenijibia, na narudi kwenye usanidi kumtafuta.